Viti Vitatu, Kimoja Ndicho Kilichokuwa Wazi

Muhtasari wa kikao cha bodi ya chama cha wamiliki wa nyumba ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, umechapwa vizuri, saini mbili chini. Tarehe 27 Septemba, saa 1:00 usiku. Waliohudhuria: mwenyekiti na katibu. Ajenda moja: kujaza nafasi zilizo wazi. Saa 1:40 kikao kikafungwa. Chumba kiliingiwa na watu wawili, na kwenye karatasi ikatoka bodi ya watu watano.

Niliitwa mwishoni mwa Novemba nitoe ushauri. Chama hicho cha wamiliki wa nyumba kina nyumba 84, na kufikia siku hiyo wamiliki wa nyumba 22 walikuwa wametia saini barua ya kudai mkutano mkuu wa dharura. Katiba yao inataka robo ya wanachama, yaani 21, kwa hiyo barua ilikuwa na nguvu. Ada ya mwezi ilikuwa imepandishwa kwa asilimia 25. Mkandarasi wa mitaro ya maji ya mvua alikuwa amekwisha kuchimba nusu ya kazi. Majirani waliozoea kusalimiana kila asubuhi walikuwa wakipishana getini kimya.

Mwenyekiti alinipokea kwa maneno haya: "Ndugu yangu, sisi hatukuiba kitu. Tulijaza nafasi tu, chama kisikwame." Nilimwamini, na bado namwamini. Kosa lake lilikuwa dogo kuliko walivyodhani waliompinga, na kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe. Alijaza viti kabla ya kuuliza kama viko wazi.

Majina na mahali nayaacha, kwa sababu watu hawa bado ni majirani.

Katiba yao ilisema nini

Bodi ina wajumbe watano, wanaochaguliwa na mkutano mkuu wa mwaka kila Machi kwa kipindi cha miaka miwili. Hawachaguliwi wote kwa mpigo. Mwaka mmoja huchaguliwa watatu, mwaka unaofuata wawili, ili bodi isije ikajaa wageni watupu siku moja. Akidi ya kikao cha bodi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ni wajumbe watatu, na kila mjumbe lazima apewe taarifa ya kikao siku saba kabla.

Wanachama huchagua wajumbe. Vyeo vya mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina hugawanywa na wajumbe wenyewe katika kikao chao cha kwanza. Hili lilisahaulika na pande zote mbili, nami nalitilia mkazo kwa sababu nimeliona likivuruga vyama vingine pia. Kiti ni kitu kimoja na cheo ni kingine. Mtu anaweza kuachia uweka hazina akabaki mjumbe, na hapo hakuna kiti kilichoachwa wazi. Bodi inampa cheo hicho mjumbe mwingine, basi.

Ibara iliyobeba kisa chote ndiyo hii: kiti kikiwa wazi, "wajumbe waliobaki, hata wakiwa pungufu ya akidi, wanaweza kumteua mwanachama kushika nafasi hiyo hadi mkutano mkuu ujao." Mwenyekiti aliisoma ibara hiyo kwa sauti mbele yangu, kidole kikiwa kwenye maneno "hata wakiwa pungufu ya akidi". Kwake yeye, hapo ndipo maneno yalipoishia. Mimi nilimwomba arudi nyuma maneno mawili, asome tena "wajumbe waliobaki".

Kiti kimoja kimoja

Nilichukua karatasi tupu nikaigawa mara tano, kiti kimoja kila sehemu. Kwa kila kiti nikaandika nani alichaguliwa, lini, kipindi chake kinaisha lini, na kama ametoka, ametoka kwa njia gani na siku gani. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima kwa sababu hakuna aliyekuwa ameifanya kabla. Kumbukumbu za mikutano mikuu zilikuwapo kwenye faili, ila hakuna mahali palipoandikwa kwa pamoja nani amekalia kiti gani mpaka lini.

Mweka hazina alikuwa ameuza nyumba. Katiba inasema mjumbe lazima awe mmiliki, na asiyekuwa mmiliki tena hupoteza kiti papo hapo bila barua wala kura. Mkataba wa mauzo ulitiwa saini tarehe 2 Septemba, lakini umiliki ulihamishwa kwenye daftari la ardhi tarehe 19. Kiti kilifunguka tarehe 19. Angekuwa amehudhuria kikao cha tarehe 10, kura yake ingekuwa halali, japo vitu vyake vilikuwa vimeanza kupakiwa. Kufikia tarehe 27 kiti hiki kilikuwa wazi bila ubishi, na kilikuwa na muda mrefu mbele yake, kwa kuwa alichaguliwa Machi ya mwaka huohuo.

Mjumbe wa pili, asiye na cheo, aliandika barua ya kujiuzulu tarehe 20 Septemba. Barua fupi, ya heshima, imeandikwa kwa mkono. Mstari wa mwisho ulisema: "Nitaendelea kutumikia hadi tarehe 30 ili nikabidhi faili la ulinzi." Katibu aliipokea, akagonga muhuri wa tarehe 20, akaiweka kwenye faili. Tangu hapo walimhesabu kuwa ameondoka, na kikao cha tarehe 27 hakualikwa. Nilipompigia simu alishangaa. Siku ile ya kikao alikuwa ofisini kwa walinzi akihesabu funguo.

Sheria nyingi zinakubaliana juu ya jambo hili. Sheria ya California inayosimamia mashirika ya wanachama yasiyo ya faida, ambayo ndiyo inayogusa vyama vingi vya wamiliki wa nyumba katika jimbo lile, inasema kujiuzulu kwa mkurugenzi, yaani mjumbe wa bodi, huanza pale anapotoa taarifa ya maandishi, isipokuwa kama taarifa yenyewe imetaja wakati wa baadaye. Ikitaja wakati wa baadaye, mrithi anaweza kuchaguliwa mapema, lakini anaingia madarakani siku ile ya kutoka kwa mwenzake. Kwa hiyo hata kwa kipimo hicho cha ukarimu, aliyeteuliwa tarehe 27 asingeweza kukaa wala kupiga kura kabla ya tarehe 30.

Kiti cha tatu ndicho kilichonikalisha muda mrefu zaidi. Makamu mwenyekiti aligombana na wenzake juu ya mitaro, na usiku wa tarehe 23 akaandika kwenye kundi la simu la wakazi wote: "Nimechoka. Kuanzia leo msinihesabu." Asubuhi aliufuta ujumbe, akaandika mwingine: "Samahanini, nilipandwa na hasira. Tuonane kikaoni." Mtu mmoja alikuwa amekwisha kuupiga picha ujumbe wa usiku, na picha hiyo ndiyo iliyoambatishwa kwenye muhtasari wa tarehe 27 kama ushahidi kwamba amejiuzulu.

Je, alijiuzulu? Katiba inataka kujiuzulu kwa maandishi kwa katibu. Ujumbe wa simu ni maandishi, na katibu yumo kwenye kundi lile. Mtu angeweza kujenga hoja hapo, na aliyenijengea hoja hiyo aliijenga vizuri. Lakini ujumbe ulielekezwa kwa wakazi wote, haukutaja bodi wala kiti, na maneno "msinihesabu" katikati ya ugomvi wa mitaro yanaweza kuwa na maana ya kutohesabiwa katika uamuzi ule tu. Zaidi ya hayo aliurudisha kabla mtu yeyote hajachukua hatua juu yake. Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani ambaye mwongozo wake wa mikutano ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na bado unafuatwa na vyama vingi, alikuchukulia kujiuzulu kama ombi la kuachiliwa wajibu, na mwenye ombi anaweza kuliondoa kabla halijafikishwa mbele ya kikao. Katiba nyingine na sheria nyingine haziko hivyo, kujiuzulu kwake ni mara moja na hakurudi. Katiba hii haikusema. Na mahali katiba isiposema, mimi sioni haki ya kumvua mtu kiti alichopewa na wapiga kura kwa sababu ya mistari miwili ya usiku, aliyoifuta kabla jua halijapanda. Nilihesabu kwamba bado ni mjumbe.

Waliobaki si waliohudhuria

Sasa hesabu ya tarehe 27 ikawa rahisi. Kati ya viti vitano, kimoja tu kilikuwa wazi. Wajumbe waliobaki walikuwa wanne: mwenyekiti, katibu, makamu, na yule wa faili la ulinzi. Wanne hawako pungufu ya akidi ya watatu. Ibara ile ya dharura haikuwa imeamka kabisa. Bodi ilikuwa nzima kiasi cha kufanya kazi kwa utaratibu wa kawaida, na utaratibu wa kawaida unataka wajumbe watatu chumbani na taarifa kwa wote wanne. Walikuwapo wawili, na wenzao wawili hawakuambiwa.

Mwenyekiti alibisha, tena kwa haki. "Mzee, mbona imeandikwa hata wakiwa pungufu ya akidi? Sisi tulikuwa wawili, tuko pungufu." Nikamwambia ibara inasema waliobaki kwenye bodi, haisemi waliohudhuria kikao. Ingekuwa inasema waliohudhuria, basi wajumbe wawili wa bodi yoyote wangeweza kukutana jikoni kwa mmoja wao na kuteua wa kuwajazia kura, huku wenzao wakiwa wazima nyumbani. Ibara ya namna hii imewekwa kwa ajili ya chama ambacho wajumbe wake wamepukutika kwa vifo, kuhama na kujiuzulu mpaka hakuna namna ya kufikisha akidi. Bila ibara hiyo chama kama hicho kingekufa kwa kukosa watu wa kuita hata mkutano. California inalisema wazi: ikiwa idadi ya wakurugenzi walioko madarakani imeshuka chini ya akidi, waliobaki wanaweza kujaza nafasi kwa ridhaa ya maandishi ya wote, au kwa kura ya wengi wao katika kikao kilichotolewa taarifa, na akibaki mmoja tu, hata yeye peke yake anaweza. Kikao kikiitwa hata katika hali hiyo, taarifa bado inahitajika, isipokuwa wajumbe wenyewe wakiisamehe.

Alikaa kimya kidogo, akaikunja katiba, akasema, "Kwa hiyo wote watatu wameanguka." Ndiyo, walioteuliwa wote watatu. Hata aliyewekwa kwenye kiti kilichokuwa wazi kweli, kwa sababu mlango ulikuwa wazi lakini walioufungua hawakuwa na akidi ya kumwingiza.

Kilichokwisha kufanyika

Hapa watu wengi huingiwa na hofu, na hofu huwafanya wakatae ukweli. Bodi ya watano ilikuwa imepitisha mambo mawili Oktoba: mkataba wa mitaro, na nyongeza ya ada.

Uteuzi ukiwa na kasoro, haimaanishi kila kilichotendwa kinageuka hewa. Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Makampuni ya 2006 inasema matendo ya mtu aliyekaimu kama mkurugenzi ni halali hata kama baadaye itagundulika uteuzi wake ulikuwa na kasoro. Busara yake ni kumlinda mtu wa nje. Mkandarasi hakuwa na namna ya kujua nani alialikwa kikao gani. Alipewa mkataba wenye saini na muhuri, akaleta mafundi. Ushauri wangu ulikuwa bodi halali ikae na kuuridhia mkataba waziwazi, na iandike inachoridhia na kwa nini, badala ya kuuacha ukining'inia.

Ada ilikuwa habari nyingine. Katiba inasema nyongeza inayozidi asilimia 10 lazima iidhinishwe na mkutano mkuu. Hata bodi iliyochaguliwa kihalali, watano wote wakiwa wamevaa tai, isingeweza kuipandisha kwa asilimia 25. Nyongeza hiyo haikuwa na pa kushikwa. Waliokwisha kulipa walihesabiwa kuwa wametanguliza sehemu ya mwezi unaofuata.

Kisha likaja suala la mpangilio, ambalo nusura litupite. Barua ya wanachama 22 ililazimu mkutano mkuu wa dharura. Bodi, iliyobaki na watatu baada ya tarehe 30 Septemba kupita, ilitaka kumteua haraka mwenye ujuzi wa hesabu kabla ya mkutano huo, kwa sababu hundi zinahitaji saini ya mweka hazina. Lakini uteuzi hudumu "hadi mkutano mkuu ujao". Katiba haikutenganisha mkutano mkuu wa mwaka na wa dharura. Wangemteua tarehe 10 Desemba, angeweza kuambiwa muda wake umeisha tarehe 14, siku ya mkutano wa dharura. Tukawashauri wasubiri siku chache. Mkutano ukafanyika tarehe 14, wakahudhuria wamiliki wa nyumba 39, wakapewa maelezo yote kiti kwa kiti, nyongeza ya ada ikafutwa. Mama mmoja aliuliza kwa nini uchaguzi usifanyike palepale watu wakiwa wamejaa. Lilikuwa swali zuri. Jibu ni kwamba tangazo la mkutano halikutaja uchaguzi, na waliobaki nyumbani walibaki wakijua hakuna kura. Kumchagulia mtu viongozi bila kumwambia kwamba kuna uchaguzi ni kumpora kura.

Tarehe 16 bodi ya watatu ilikaa, taarifa ikiwa imetolewa kwa siku saba kamili. Ikamteua dada mmoja mhasibu, ambaye alikuwa miongoni mwa wale watatu wa Septemba. Hata waliotia saini barua walimkubali, kwa kuwa hawakuwahi kuwa na neno naye. Kiti kingine waliamua kukiacha wazi hadi Machi. Niliunga mkono uamuzi huo. Kwa wanne, bodi ingefikisha akidi hata mmoja akiugua, na kujaza kila pengo miezi mitatu kabla ya uchaguzi huwapa walioteuliwa mwanya wa kugombea wakiwa tayari wamekalia kiti.

Machi

Rasimu ya kwanza ya karatasi ya kura niliyoonyeshwa ilikuwa na viti viwili: cha makamu na cha yule wa faili la ulinzi, ambao vipindi vyao viliisha Machi hiyo. Mwenyekiti aliamini mhasibu angemalizia mwaka uliobaki wa mweka hazina aliyehama. Katiba nyingi husema hivyo, kwamba aliyeteuliwa humaliza kipindi cha aliyemtangulia. Ya kwao inasema hadi mkutano mkuu ujao. Viti vilikuwa vitatu: viwili vya miaka miwili, na kimoja cha mwaka mmoja uliobaki.

Urefu huo tofauti ndio ulioleta mjadala mrefu kuliko yote, na katiba haikuwa na neno. Njia zilikuwa mbili. Ama mgombea atangaze mapema kama anagombea kiti kirefu au kifupi, kila kiti na karatasi yake, ama wote wawe kwenye karatasi moja, mpiga kura achague wasiozidi watatu, wawili wa juu wapate miaka miwili na wa tatu mwaka mmoja. Njia ya kwanza ina hatari ya watu wote kukimbilia kiti kirefu na kile kifupi kupita bila kupingwa. Tukachagua ya pili, tukaichapa juu ya karatasi ya kura yenyewe pamoja na sharti hili: kura zikilingana, zitahesabiwa upya, na zikilingana tena, itapigwa bahati nasibu mbele ya mkutano. Kanuni ya sare inayoandikwa baada ya sare kutokea haina wa kuiamini.

Wasimamizi tulikuwa watatu, hakuna mwenye nyumba hapo wala ndugu wa mgombea: mmoja aliletwa na bodi, mmoja na walioandika barua, na mimi. California hutaka msimamizi mmoja au watatu, asiye mjumbe, mgombea wala jamaa yao, na hiyo namba isiyogawanyika kwa mbili ina maana yake pale wasimamizi wanapotofautiana.

Rejesta ya wapiga kura ilikuwa na madonda yake. Bodi ilitaka kuzuia nyumba saba zenye malimbikizo ya ada zisipige kura. Kwenye hili sheria za dunia hazifanani hata kidogo. Florida inaruhusu chama kumsimamishia mwanachama haki ya kura akiwa na deni la zaidi ya siku 90. California, tangu 2020, hairuhusu kumnyima mwanachama karatasi ya kura kwa sababu ya deni, ingawa mwenye deni la ada anaweza kuzuiwa kugombea. Katiba hii ilikuwa upande wa Florida, ila iliweka sharti la onyo la maandishi kwanza. Tuliomba nakala za maonyo. Zilipatikana mbili. Nyumba mbili zikazuiwa, tano zikapiga kura, na wapiga kura halali wakawa 82. Theluthi yao, ambayo ndiyo akidi, ni nyumba 28.

Nyumba moja ina majina mawili kwenye hati, kaka na dada, na wote wawili walifika, kila mmoja akitaka karatasi yake. Nyumba moja, kura moja. Walitoka nje, wakarudi baada ya dakika kumi, dada akapokea karatasi.

Hati za uwakilishi, yaani za kumpa mtu mwingine akupigie kura, ndizo zilizotaka moyo. Zilifika 17, na 11 zilikuwa na jina la mwenyekiti. Katiba hairuhusu mtu mmoja kushika zaidi ya tatu. Kwa bahati nzuri tulikuwa tumetaka zifike saa 48 kabla, kwa hiyo palikuwa na muda. Tuliwapigia simu wenye zile nane za ziada, mmoja mmoja, bila kuwaambia wampe nani. Wawili wakaja wenyewe. Watatu wakamwandikia mtu mwingine. Watatu hatukuwapata, na hati zao zikawekwa kando. Mwenyekiti alilalamika kwamba tumewanyang'anya watu watatu sauti. Malalamiko yake yaliniumiza kwa sababu yana ukweli ndani yake, lakini kikomo cha tatu kipo ili mkutano usiamuliwe na mfuko wa mtu mmoja. Kuna mahali wamekwenda mbali zaidi: katika majengo ya makazi ya umiliki wa pamoja huko Florida, hati za uwakilishi kwa kawaida haziruhusiwi katika kuchagua bodi.

Tuliandikisha nyumba 31 zilizohudhuria na 12 kwa uwakilishi. Jumla 43, akidi ikavukwa kwa nafasi. Kila mmoja alipewa bahasha mbili. Karatasi ya kura huingia bahasha ya ndani isiyo na alama yoyote, na hiyo huingia ya nje yenye namba ya nyumba na saini. Mezani tulilinganisha bahasha za nje na rejesta, tukaweka tiki, tukazipasua, za ndani tukazimwaga kwenye sanduku na kulitikisa kabla ya kufungua hata moja. Wanachama walisimama mita mbili kutoka mezani wakitazama kila karatasi ikiinuliwa. Moja iliharibika, imewekewa alama nne.

Wagombea walikuwa sita. Wa kwanza alipata 33. Makamu na mhasibu wakapata 24 kila mmoja. Waliofuata walipata 17, 13 na 8. Tukahesabu upya: 24 kwa 24. Wote wawili walikuwa wameshinda. Kilichobaki ni nani ana miaka miwili na nani mmoja. Makamu akasimama: "Jamani, mimi mwaka mmoja unanitosha, mpeni dada." Ukumbi ukapiga makofi. Niliwaomba radhi nikakataa. Watu walipiga kura wakiwa wamesoma kwamba sare itaamuliwa kwa bahati nasibu, na muda wa kiti si mali ya mgombea kumpa mwenziwe. Leo ni ukarimu, kesho mtu atauita makubaliano ya pembeni. Karatasi mbili zikakunjwa, zikatiwa kwenye sanduku tupu la kura, na mwanachama aliyehamia karibuni kuliko wote akachomoa moja. Miaka miwili ikaenda kwa makamu.

Bahasha zote, kura, hati zilizokataliwa na rejesta yenye tiki viliingia kwenye boksi lililofungwa kwa gundi na saini zetu tatu. Litakaa kwetu kwa mwaka mzima, iwapo mtu atataka kupinga. Katibu amebandika kwenye jalada la faili la mikutano ukurasa mmoja wenye viti vitano, jina na tarehe ya mwisho kwa kila kimoja. Amependekeza pia rekebisho la katiba: kujiuzulu kuwe kwa barua iliyotiwa saini, ikitaja kiti na siku, na kusiweze kurudishwa baada ya katibu kuipokea. Litahitaji theluthi mbili ya kura, na litaletwa Machi ijayo, siku ambayo viti vitatu vitakuwa wazi: cha mwenyekiti, cha katibu, na cha mhasibu.